Kuhamishia daftari la SACCOS kwenye Windows 11: shajara ya mradi

Jumanne, 8 Julai 2025

Windows 10 inafika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba mwaka huu. Baada ya hapo kompyuta zitaendelea kuwaka, ila masasisho ya kawaida ya usalama hayatakuja tena, na kompyuta inayotunza akiba za watu haifai kuachwa hivyo. SACCOS tunayoihudumia hapa Mwanza imeshanunua laptopu zenye Windows 11. Kazi yetu ni kuhakikisha programu yao ya hisa, akiba na mikopo inajengwa upya na kufanya kazi humo kabla Septemba haijaisha.

Programu ina sehemu tatu. Kiini kimeandikwa kwa C++ na MFC (maktaba ya Microsoft ya kutengenezea madirisha ya programu), na kilijengwa kwa Visual Studio 2017, chombo cha Microsoft cha kuandikia na kujengea programu. Ripoti zimeandikwa kwa C# juu ya .NET Framework 4.5, mazingira ya Microsoft ya kuendeshea programu. Halafu kuna kiprogramu cha kuchapa vitabu vya wanachama, cha zamani kuliko vyote, kinachotaka .NET 3.5. Msimbo wote tunao. Kinachokosekana ni maelezo ya kompyuta iliyoujenga: ilikuwa na nini, toleo lipi, kimewekwa wapi. Mashine hiyo ilishakufa zamani, na diski yake haisomeki.

Leo tumesakinisha Visual Studio 2022 Community kwenye laptopu ya kwanza (tuko watatu, leseni inaruhusu) pamoja na kifurushi cha kazi za C++ za mezani. Mradi umefunguka vizuri. Tulipobonyeza kujenga, likaja kosa MSB8020: zana za v141 hazikupatikana. Ujumbe wenyewe unapendekeza mradi uhamishiwe kwenye zana zilizopo, na wengi hufanya hivyo papo hapo kwa kuwa kosa linatoweka.

Sisi tumeanza na kuisoma namba. v120 ni kompaila (kinachogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine) ya Visual Studio 2013, v140 ya 2015, v141 ya 2017, v142 ya 2019, na v143 ndiyo ya 2022. Kwa hiyo hakuna kilichoharibika hapa. Mradi umeita kompaila ya 2017 kwa jina lake, na laptopu hii imesakinishiwa ya 2022 peke yake.

Tumekubaliana kutohamisha kwa sasa. Programu hii inakokotoa riba za mikopo. Tukibadilisha Windows na kompaila kwa mpigo, kisha hesabu za ripoti ya mwezi zikapishana hata kwa shilingi moja, hatutajua tofauti imetoka wapi. Kwanza tupate programu ileile, iliyojengwa kwa kompaila ileile, juu ya Windows mpya. Kuhama kompaila ni kazi nyingine, na itakuja kwa wakati wake.

Ndani ya kisakinishi cha Visual Studio, kwenye ukurasa wa vijenzi vya kuchagua kimojakimoja, v141 bado ipo. Kitambulisho chake ni Microsoft.VisualStudio.Component.VC.v141.x86.x64. Nakiandika hapa kwa ukamilifu kwa sababu jina linaloonekana kwenye skrini ni refu, lina ndugu wengi wanaofanana nalo, na ni rahisi kuweka alama kwenye la ARM au kwenye mojawapo ya matoleo madogo ya v142.

Jumatano, 9 Julai

v141 imeingia. Kosa la leo ni MSB8036: SDK ya Windows yenye toleo 10.0.17763.0 haikupatikana. Namba hiyo ni ya Windows 10 toleo 1809. Kwenye orodha ya kisakinishi chetu haimo, ila Microsoft bado wanaiweka kwenye ukurasa wao wa SDK za zamani.

Hapa uamuzi wetu umekuwa tofauti na wa jana, na mwenzangu wa ripoti aliniuliza kwa nini. Kompaila ndiyo inayogeuza hesabu zetu kuwa maagizo ya mashine. SDK inaleta mafaili ya vichwa na maktaba za kuiitia Windows kazi: dirisha, printa, faili. Ukichukua SDK mpya zaidi, programu bado itafanya kazi kwenye Windows ya nyuma ilimradi thamani ya _WIN32_WINNT (Windows ya chini kabisa inayolengwa) ndani ya msimbo haikuguswa, na ya kwetu imeandikwa wazi. Kwa hiyo tumebadilisha mradi uelekee 10.0.19041.0, ambayo kisakinishi kinayo, na badiliko hilo limeingia kwenye hifadhi ya msimbo peke yake likiwa na maelezo yake.

Laptopu ya kwanza ikaridhika. Ya pili ikaleta jambo jingine: MSB8036 haikutokea, ila kompaila ikakataa kwa C1083, haioni windows.h. SDK ipo au haipo? Tulifungua folda ya C:\Program Files (x86)\Windows Kits\10\Include\10.0.19041.0. Ndani yake inatakiwa kuwe na ucrt, um, shared na winrt. Tulikuta ucrt peke yake. Usakinishaji ulikatika umeme ulipozimika, na folda ikabaki na jina sahihi na kipande kimoja cha vilivyomo. Inaonekana MSBuild, chombo cha Visual Studio kinachoendesha ujenzi, ilipoiona folda hiyo iliamini SDK ipo.

Tangu leo hatuamini jina la folda. Tunatafuta um\windows.h yenyewe. Ikikosekana, tunaingia kwenye kisakinishi, tunaondoa alama ya SDK hiyo, tunakiacha kimalize kuitoa, kisha tunairudisha.

Ijumaa, 11 Julai

Siku nzima imekwenda kwenye bando na diski. Kupakua Visual Studio kwa kila laptopu kwa intaneti ya hapa ofisini hakuwezekani: kifurushi cha C++ pamoja na v141 na MFC ni gigabaiti nyingi, na mtandao ukikatika katikati ndiyo tunapata folda nusunusu kama ile ya juzi. Dawa ni kutengeneza ghala moja la kusakinishia nje ya mtandao. Amri tuliyotumia ni hii:

vs_community.exe --layout D:\vs22 --add Microsoft.VisualStudio.Workload.NativeDesktop --add Microsoft.VisualStudio.Component.VC.v141.x86.x64 --add Microsoft.VisualStudio.Component.VC.v141.MFC --add Microsoft.VisualStudio.Component.Windows10SDK.19041 --add Microsoft.VisualStudio.Workload.ManagedDesktop --includeRecommended --lang en-US

Mambo mawili katika amri hii yanaokoa bando. Usipoandika --add, itapakua bidhaa nzima, pamoja na zana za kazi ambazo hutazigusa maisha. Usipoandika --lang, itapakua lugha zote. Njia ya folda nayo iwe fupi: Microsoft wanasema isifikie herufi 80, kwa sababu ndani yake kuna majina marefu mno yanayogonga mpaka wa zamani wa Windows wa herufi 260. Mtu akiweka ghala kwenye Desktop, ndani ya folda ya mradi, ndani ya folda ya mwaka, atapata makosa ya faili lisilopatikana ilhali analiona kwa macho.

Tumepakua usiku, kwa bando la usiku. Asubuhi tumeendesha amri ileile ya folda hiyo tukiongeza --verify, ambayo inakagua kila kifurushi kama kimekamilika. Vichache vilikuwa na kasoro. --fix ikavipakua tena hivyo tu, bila kurudia vingine.

Jumamosi, 12 Julai

Tumebeba ghala kwenye diski ya nje hadi kwenye laptopu ya tatu, ambayo kwa makusudi haijawahi kuunganishwa na intaneti. Tumeanzisha usakinishaji kwa --noWeb ili kisakinishi kisijaribu kutoka nje. Kimesimama kikisema hakiwezi kuthibitisha saini za vifurushi.

Ujumbe huu humfanya mtu adhani diski imeharibika au ghala limeingiwa na virusi. Sababu yake ni nyepesi. Kisakinishi hukagua kila kifurushi kwa vyeti vya dijitali. Kompyuta iliyo mtandaoni huvipata vyeti hivyo yenyewe, isiyo na mtandao haina pa kuvipata. Ndiyo maana ndani ya ghala kuna folda iitwayo certificates, yenye mafaili ya .p12. Kila moja tumelibofya kulia na kulisakinisha kwa mashine nzima, nenosiri tukiliacha tupu. Usakinishaji ukaendelea hadi mwisho.

Kwa yeyote atakayekwama mahali pengine: kisakinishi huandika kumbukumbu zake kwenye folda ya %TEMP%, majina yakianza na dd_. Ni mengi na marefu. Anza na lile ambalo jina lake linaishia na _errors, ni fupi, na aghalabu kifurushi kilichoshindwa kimetajwa humo kwa jina lake kamili. Ukihitaji yote kwa pamoja, chombo cha Microsoft kiitwacho collect.exe kinayakusanya kuwa faili moja la vslogs.zip.

Jumatatu, 14 Julai

Leo ni MFC. Kosa: C1083, kompaila haioni afxwin.h.

Nimetumia muda mrefu kwenye kosa hili kwa sababu ndilo linalowakatisha tamaa watu wengi ninaowafahamu. Anayekutana nalo huingia kwenye kisakinishi, huona MFC ina alama tayari, husakinisha tena, kosa linabaki, husakinisha Visual Studio nzima upya, kosa linabaki. Alama anayoiona ni ya MFC ya v143. Kila kompaila ina MFC yake, kama kila kufuli na ufunguo wake. Mradi wa v141 hauangalii kabisa kilichomo kwenye folda ya v143.

Hili unaweza kuliona mwenyewe bila kukisia. Ingia kwenye folda ya Visual Studio, kisha VC\Tools\MSVC. Utakuta folda zenye namba. Inayoanza na 14.16 ni ya v141. Ifungue: kuna folda ya atlmfc ndani? Kama haipo, MFC ya v141 haipo, hata kisakinishi kiwe na alama nyingine kiasi gani. Kwenye laptopu ya pili haikuwemo, kwa kuwa ile ilisakinishwa kwa mkono kabla ya ghala. Ya tatu, iliyosakinishwa kutoka kwenye ghala, ilikuwa nayo. Tumeongeza Microsoft.VisualStudio.Component.VC.v141.MFC na afxwin.h ikapatikana.

Mafaili yote ya C++ yamepita kwenye kompaila. Likabaki la linka, kinachounganisha vipande kuwa programu moja: LNK1104, haiwezi kufungua sqlite3.lib, maktaba ya hifadhidata ya SQLite. Kwenye mipangilio ya mradi tumekuta njia inayoelekea kwenye Desktop ya mtumiaji ambaye hayupo kwenye kompyuta yoyote tuliyonayo.

Jumanne, 15 Julai

Nimempigia simu mzee aliyeandika programu hii. Amestaafu, yuko kijijini kwao, na simu yake hushika mtandao jioni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Daftari linaendeleaje?"

Nikamweleza kuhusu sqlite3.lib. Hakusita. Aliijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wa SQLite, akaiweka pale ili iwe karibu. "Toleo usinitajie mimi, nitakudanganya. Fungua sqlite3.h, limeandikwa humo."

Na kweli. Faili la sqlite3.h tunalo kwenye hifadhi, na mstari wa SQLITE_VERSION unataja toleo. SQLite ni mali ya umma, msimbo wake wote unatolewa ukiwa umeunganishwa kwenye faili moja kubwa, sqlite3.c. Tumechukua toleo lilelile, tukaliweka ndani ya mradi wenyewe lijengwe pamoja na vingine. Sasa hakuna .lib ya kutafuta wala Desktop ya mtu.

Kuingiza faili la C kwenye mradi wa MFC kulileta kosa C1010: faili limeisha bila kukutana na heda (faili la kichwa) iliyokompailiwa mapema. Mradi mzima unadai kila faili lianze na heda hiyo, na sqlite3.c hailijui hilo wala haipaswi kuguswa. Bofya kulia kwenye faili hilo moja, sifa, C/C++, na uchague lisitumie heda hiyo. Hili ni la faili hilo tu.

Kiini kimejengwa hadi mwisho saa kumi na moja jioni. Nimemtumia mzee ujumbe. Amejibu, "Mungu awabariki wanangu."

Jumatano, 16 Julai

Ripoti. Kosa MSB3644: mafaili rejea ya .NETFramework toleo 4.5 hayakupatikana.

Mwenzangu alishangaa, na ana haki. Windows 11 inakuja na .NET Framework 4.8 au 4.8.1, na matoleo yote ya 4.x hukaa mahali pamoja, jipya likichukua nafasi ya la zamani. Programu ya 4.5 inafanya kazi humo. Mbona haijengeki?

Kuendesha na kujenga ni vitu viwili. Ili kuendesha unahitaji .NET yenyewe. Ili kujenga unahitaji mafaili rejea ya toleo ulilolitaja, ambayo hayana kazi ndani, yana orodha tu ya madarasa na mbinu zilizokuwepo kwenye toleo hilo, ili kompaila isikuruhusu kutumia kitu kilichokuja baadaye. Hukaa ndani ya C:\Program Files (x86)\Reference Assemblies. Kisakinishi cha Visual Studio 2022 hakitoi tena ya 4.5. Kinaanzia 4.5.2 kwa zile za zamani, na huduma ya 4.5.2, 4.6 na 4.6.1 yenyewe ilikoma tarehe 26 Aprili 2022.

Kuna watu wanaokopi folda ya v4.5 kutoka kompyuta ya zamani na kuibandika kwenye mpya. Inafanya kazi. Siipendi, kwa sababu haiachi alama popote: mradi hauijui, hifadhi ya msimbo haiijui, na atakayekuja baada yetu ataanza upya kutafuta kompyuta ya zamani. Njia tuliyochagua ni kifurushi cha Microsoft wenyewe cha NuGet (mfumo wa kusambaza vifurushi vya .NET), Microsoft.NETFramework.ReferenceAssemblies. Kinaandikwa ndani ya faili la mradi, na kompyuta yoyote inayofungua mradi inakipata yenyewe. Kwa laptopu zisizo na intaneti tumeweka vifurushi vya NuGet kwenye folda ya kawaida na kuielekeza kama chanzo.

Kuhamia 4.8 kutafanyika. Kumeandikwa kwenye orodha ya baadaye, pamoja na v143.

Alhamisi, 17 Julai

Kiprogramu cha vitabu. .NET 3.5 kwenye Windows 11 imezimwa kwa kawaida, na ukijaribu kuiwasha bila intaneti unapata 0x800F081F, yaani mafaili chanzo hayakupatikana. Mafaili hayo yamo kwenye ISO ya Windows (faili la diski ya kusakinishia), folda ya sources\sxs. Ifungue ISO, tuseme imekuwa E:, kisha kwenye dirisha la amri la msimamizi:

dism /online /enable-feature /featurename:NetFx3 /all /source:E:\sources\sxs /limitaccess

ISO iwe ya toleo lilelile la Windows lililoko kwenye kompyuta. Winver inakuambia ni lipi. Ikipishana, kosa lilelile litarudi na utadhani amri ndiyo mbaya.

Baada ya hapo tukageukia dereva wa printa ya vitabu, ambaye siku zilizopita alikuwa akigoma kwenye laptopu zote kwa kosa 1603. 1603 ni namba isiyosema kitu. Maana yake ni kwamba Windows Installer imeshindwa, basi. Sababu iko kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu lazima uiombe:

msiexec /i dereva.msi /L*V C:\kumbukumbu.txt

Faili linalotoka lina maelfu ya mistari. Usilisome kuanzia juu. Tafuta maneno "return value 3", ndipo hatua iliposhindwa, kisha soma mistari iliyo juu yake kidogo. Yetu ilionyesha hatua ya ndani ya dereva iliyoita .NET 2.0. Toleo hilo limo ndani ya 3.5, na 3.5 ilikuwa imezimwa. Leo imewashwa, dereva ameingia bila kuguswa chochote. Amemaliza kwa namba 3010, ambayo si kosa: kazi imekamilika, washa kompyuta upya. Kwenye laptopu moja tulipata 1618, nayo maana yake kuna usakinishaji mwingine unaendelea. Windows Update ilikuwa kazini. Tulisubiri ikamaliza.

Kwa hiyo mpangilio una maana. 3.5 kwanza, dereva baadaye. Nimeuandika kwenye karatasi ya hatua.

Jumatatu, 21 Julai

Tumekwenda SACCOS kujaribu kwenye kompyuta ya dirishani, ambayo haina Visual Studio wala chochote cha watengenezaji. Hapa ndipo programu inapokutana na maisha yake halisi, na nilitaka tufike mapema kuliko ratiba.

Nakala ya kwanza ilisema VCRUNTIME140D.dll haipo. Ile D mwishoni inatosha kueleza kila kitu: ni nakala ya Debug, ya watengenezaji kutafutia makosa. DLL hizo (maktaba ambazo programu huziita inapoendeshwa) za Debug haziruhusiwi kusambazwa na hazimo kwenye kifurushi chochote cha kusakinisha kwa mteja. Ukiona D, usitafute DLL. Rudi ujenge Release, nakala ya kumpa mteja.

Nakala ya Release ikasema MSVCP140.dll haipo. Hili ni la kawaida, na suluhisho ni kifurushi cha Visual C++ Redistributable, ambacho tangu 2015 hadi 2022 ni kimoja kwa kompaila zote za v140 hadi v143. Programu yetu ni ya biti 32, kwa hiyo inahitaji VC_redist.x86.exe hata kama Windows yenyewe ni ya biti 64. Kusakinisha ya x64 peke yake hakuisaidii programu ya biti 32.

Tumesakinisha x86. Kompyuta ya kwanza ikafunguka, na dada mhasibu akaingia kwenye akaunti ya majaribio, akachapa kitabu. Maandishi yamekaa kwenye mistari yake.

Kompyuta ya pili ikatoa 0xc000007b. Namba hii karibu kila mara ni mchanganyiko wa biti 32 na 64. Ndani ya folda ya programu tulikuta vcruntime140.dll ambayo sisi hatukuiweka. Mtu aliwahi kukutana na ujumbe wa DLL iliyokosekana, akaitafuta mtandaoni, akaipakua kutoka kwenye tovuti zinazogawa DLL mojamoja, akaiweka karibu na programu. Windows hutafuta DLL kwanza kwenye folda ya programu, kabla ya folda zake yenyewe, kwa hiyo ile sahihi tuliyosakinisha haikufikiwa kamwe. Tumeikagua kwa dumpbin /headers kwenye laptopu yetu: mashine 8664, yaani x64. Ya programu yetu inasomeka 14C, yaani x86. Tumeifuta, programu ikafunguka.

Tumezungumza na wafanyakazi wote kuhusu tovuti hizo, kwa upole na kwa uwazi. Faili lisilojulikana limetoka wapi, likikaa ndani ya programu inayoshika akiba za wanachama, linaweza kuwa na chochote. Aliyeliweka alikuwa anataka foleni isonge. Sasa wana namba yetu ya simu ubaoni, na VC_redist.x86.exe imo kwenye folda yetu ya kusakinishia, inaendeshwa yenyewe kabla ya programu.

Kwa yeyote anayehangaika na jina la folda: kwenye Windows ya biti 64, System32 ina DLL za biti 64 na SysWOW64 ina za biti 32. Majina yanaonekana kinyume, lakini ndivyo yalivyo.

Jumatano, 23 Julai

Kisakinishi cha Visual Studio kina kitufe cha kuhamisha mipangilio. Kinatoa faili dogo la .vsconfig lenye orodha ya vitambulisho vya vijenzi vyote. Tumelitoa kwenye laptopu inayojenga kila kitu, tukalipunguza libaki na vile tu tunavyovihitaji, tukaliweka kwenye mzizi wa mradi karibu na faili la .sln. Anayefungua mradi bila kijenzi kimojawapo ataambiwa na Visual Studio na kupewa nafasi ya kukisakinisha. Hatakutana na MSB8020 wala afxwin.h.

Nalihesabu faili hili kuwa sehemu ya msimbo. Lina haki ileile ya kukaguliwa na kuhifadhiwa kama faili la kukokotoa riba.

Leo pia tumesafisha laptopu ya tatu, tukarudisha Windows kama ilivyotoka dukani, tukampa mwenzetu mgeni kabisa kwenye mradi. Alikuwa na diski ya ghala, ISO, karatasi ya hatua na hifadhi ya msimbo. Tulikubaliana asiulize neno. Amekwama mahali pamoja, kwenye vyeti, kwa sababu karatasi haikusema visakinishwe kwa mashine nzima na yeye aliviweka kwa mtumiaji. Sentensi hiyo imeongezwa. Sehemu zote tatu zimejengwa.

Ijumaa, 25 Julai

Ulinganisho. Tumechukua nakala ya hifadhidata ya mwisho wa Juni, tukaiendesha kwenye programu ya zamani juu ya Windows 10 na mpya juu ya Windows 11, tukatoa ripoti ya riba, ya marejesho na ya hisa kwa wanachama wote, tukazilinganisha mstari kwa mstari kwa amri ya fc. Hakuna tofauti.

Mhasibu alitaka kuona mwenyewe, akachagua mikopo kadhaa anayoifahamu, mmoja wao ukiwa umepangwa upya baada ya kuchelewa, akapiga hesabu kwa kikokotoo chake. Zimelingana. Amesaini karatasi ya makabidhiano ya hatua hii.

Yaliyobaki: kusakinisha kwenye kompyuta za dirishani zote wiki ya pili ya Agosti, baada ya Nane Nane, kuacha kompyuta moja ya Windows 10 bila mtandao hadi mwisho wa Septemba kwa ajili ya kulinganishia, na kufungua tawi jipya la msimbo kwa ajili ya v143 na .NET 4.8. Tawi hilo halitaungwa kabla hesabu za mwaka hazijafungwa tarehe 31 Desemba.